Alicheka ajali kwenye simu, hakujua ni ya baba yake

Jumapili moja jioni, Chamazi jijini Dar es Salaam, dereva mmoja wa malori ya masafa marefu alikuwa amejilaza kwenye kochi sebuleni kwake akisubiri chakula. Alikuwa amerudi juzi yake kutoka Lubumbashi, safari ya wiki tatu ukihesabu na foleni ya Tunduma, na miguu ilikuwa bado imevimba. Mwanawe wa kiume, mwenye miaka 13, alikuwa amekaa chini, mgongo ameuegemeza kwenye kochi hilohilo, simu ya mama yake iko mkononi.

Mtoto alikuwa anacheka. Baba akainamisha kichwa naye aone.

Zilikuwa video fupifupi za ajali za malori, zimeunganishwa moja baada ya nyingine. Nyuma yake kulikuwa na muziki wa singeli, na kila gari lilipopinduka iliingia sauti ya mtu anayecheka hadi anakohoa. Moja ilikuwa ya nchi ya baridi, lori linateleza kwenye theluji kama sabuni bafuni. Nyingine ilikuwa ya basi linaloingia mtoni. Ya tatu ikaonyesha mteremko, upande mmoja mwamba na upande wa pili bonde, na lori la kichwa cheupe na turubai la kijani likishuka kwa mwendo ambao mlima ule haukubali.

"Rudisha hiyo," baba akasema.

Mtoto akadhani baba naye amefurahi. Akarudisha. "Umeona anavyokuja, baba? Kama yuko kwenye gemu!"

Baba aliitazama mara ya pili bila kusema neno, kisha akainuka akatoka uani. Chakula kilipoiva hakuja kula. Mkewe alipomfuata alimkuta amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, mikono katikati ya magoti.

"Ni gari langu," alimwambia. "Ile ya Kitonga."

Kwa asiyeijua Kitonga, ni mlima ulioko mkoani Iringa, kwenye barabara kuu ya kwenda Zambia. Kona zinafuatana, na ukikosea hakuna nafasi ya kujirekebisha. Gari linalotoka Dar es Salaam linaupanda. Linalorudi na shaba ya Kongo linaushuka, tani karibu 30 zikilisukuma kwa nyuma. Dereva anayeujua huingiza gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, akaiacha injini ndiyo ilishike gari, na breki akazigusa kidogokidogo. Ukizikanyaga mfululizo zinachemka, na zikishachemka unaweza kukanyaga hadi mguu ukaishia sakafuni, gari halikusikii.

Siku hiyo, miaka minne iliyopita, gia aliingiza. Tatizo lilikuwa kwenye trela. Breki zake zilikuwa hazishiki vizuri tangu Makambako, na yeye alilijua hilo. Mzigo ulikuwa umechelewa siku nne, simu za kuulizwa alipofika zilikuwa hazikatiki, akaamua kushuka hivyohivyo. Kichwa cha gari peke yake kikabeba kazi ya kuzuia mzigo wote. Kona ya tatu alijua kwamba gari limemshinda. Akaona ni heri aligongeshe ukutani kuliko kuliacha liende bondeni.

Ukuta ulikuwa upande wa utingo.

Utingo wake alikuwa kijana wa Mafinga, miaka 24, mwaka wa pili tangu waanze kusafiri pamoja. Aliishi kama dakika 40 baada ya gari kusimama, miguu imebanwa na chuma, na muda wote huo wawili hao walikuwa wanazungumza. Watu walifika haraka. Wengine walikuja na mitalimbo wakahangaika na mlango hadi mikono ikatoka damu. Wengine walifungua tangi wakaanza kuchota dizeli. Wengine walisimama kwenye ukingo wa barabara, simu zimeinuliwa juu.

Video aliyokuwa anaicheka mtoto ina sekunde 11. Inaishia pale gari linapogusa mwamba, vumbi linapanda, kicheko kinaingia, halafu inakuja ajali nyingine.

Mtoto hakulijua gari. Wakati ule alikuwa na miaka tisa. Aliambiwa baba anaumwa, amelazwa Iringa, na baba aliporudi na kovu la kuanzia sikioni hadi begani aliambiwa amefanyiwa upasuaji. Si uongo kamili, lakini ukweli pia si huo. Wazazi wengi wa namna hii wapo, na hakuna haja ya kuwalaumu sana. Mtu aliyenusurika hataki kila siku kulizungumza jambo hilo mezani.

Mama yake alilijua. Yeye video ile aliiona kabla ya mtu yeyote katika familia, asubuhi ileile ya ajali, kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Iliwekwa na maneno machache: "Kitonga leo, jamani." Alikuwa anachagua maharage. Turubai la kijani yako mengi barabarani, ila lile lilikuwa na kiraka cha bluu kwenye kona ya nyuma, na kiraka hicho kilishonwa na fundi wa barazani, nyumba ya nne kutoka kwake.

Alipiga simu ya mumewe, haikupatikana. Akaipiga tena na tena. Simu ilikuwa imevunjikavunjika ndani ya gari, lakini yeye angejuaje. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa saba mchana, trafiki mmoja alipompigia kwa namba asiyoijua, mama huyo aliketi jikoni akiamini kwamba ni mjane.

Na kundi lilikuwa linaendelea. Mmoja aliweka emoji tatu za kucheka. Mwingine akauliza kama kuna video ndefu zaidi. Wa tatu akaandika: "Huyo hajapona."

Aliyeandika hivyo ni jirani, mtu mzima, mwenye watoto. Jioni, habari zilipofahamika, alikuwa wa kwanza kufika na bahasha. Alikaa pale hadi saa nne usiku, na wiki iliyofuata alisafiri kwa nauli yake kwenda Iringa kumwangalia mgonjwa. Mama hajawahi kumwambia kwamba yale maneno aliyasoma. Anasema akimtazama haoni mtu mbaya. Anaona mtu ambaye, kwa dakika ile, hakuona kwamba ndani ya gari kuna mtu.

Hapo ndipo penye jambo. Tunapenda kusema kwamba kizazi cha sasa kimeharibika, simu zimeua utu. Ni rahisi kusema hivyo, tena kunatuweka sisi wazazi upande wa wema. Lakini jicho la binadamu limekuwa likivutwa na ajali kabla ya simu na kabla ya umeme.

Mwaka 1896, katika jimbo la Texas nchini Marekani, kampuni moja ya reli ilitangaza kwamba itagonganisha treni mbili kwa makusudi ili watu waje kutazama. Eneo la maonyesho lilijengwa kwa ajili ya siku hiyo tu, likapewa jina la Crush, ambalo lilikuwa jina la ofisa aliyebuni wazo hilo. Septemba 15 walikusanyika watu wanaokadiriwa kufika 40,000. Treni ziliachiwa zikafuatana uso kwa uso, matangi ya mvuke yakalipuka, vyuma vikawarukia watazamaji. Watu wasiopungua wawili walikufa na mpiga picha mmoja akapoteza jicho. Baada ya hapo umati uliobaki mzima ulikimbilia mabaki kuokota vipande vya ukumbusho.

Waandaaji wa Texas walikuwa na jambo moja, hata hivyo. Treni zao hazikuwa na abiria, na waliokuwa wakiziendesha waliruka mapema kabla hazijagongana. Waliona umuhimu wa kuhakikisha hamna mtu ndani. Anayeunganisha video za ajali na kuzitia singeli hajali hilo, na anayetazama hapewi nafasi ya kuliuliza, kwa sababu kabla hajauliza imekuja nyingine.

Programu zenyewe nazo hazisaidii. Hazijui kama ulikuwa unacheka, unasikitika au umeganda kwa hofu. Zinachohesabu ni muda ambao kidole chako kilitulia. Ukitulia kwenye ajali moja utaletewa tano. Mtoto anayesema "zinakuja zenyewe" mara nyingi hadanganyi.

Basi tuseme video zote za ajali ni haramu kutazamwa? Dereva huyu ndiye wa kwanza kukataa. Yeye anafundisha nazo. Agosti 10, 2019 lori la mafuta lilipopinduka Msamvu, Morogoro, watu walikimbilia kuchota petroli, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Kila utingo mpya anayepanda gari lake huonyeshwa kipande cha kabla ya moto: watu, madumu, pikipiki, kelele. Humwambia, ukiona hivi, usisogee, kimbia, na ukiweza kimbia na wenzako. Yeye mwenyewe anapita Msamvu kila safari.

Novemba 6, 2022 nayo, ndege ilipoanguka katika Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba, nchi nzima ilitazama ule mkia uliobaki juu ya maji na mitumbwi ya wavuvi ikiuzunguka. Watu 19 kati ya 43 waliokuwamo walifariki. Waliotazama picha zile waliuliza maswali mazito kuhusu vifaa vya uokoaji na kwa nini wavuvi ndio waliotangulia. Watu walitazama wakiwa wamewakumbuka waliokuwa ndani ya ndege. Mtu hawezi kuitazama hivyo akiwa amewekewa muziki wa kuchezea.

Ila dereva huyu hakuachia hapo, na hili ni jambo la kumheshimu. Usiku ule wa Jumapili, usingizi ulipokataa, alifungua simu yake mwenyewe. Madereva wana makundi yao. Akaanza kuhesabu video za ajali zilizohifadhiwa humo, alizotumiwa na alizotuma. Zilifika 41. Kama kumi hivi angeweza kusema ni za kujifunzia. Zilizobaki hakuwa na maelezo nazo. Moja aliirekodi mwenyewe, akiwa kwenye foleni, dirisha limeshushwa: pikipiki chini ya basi. Sauti inayosikika ikisema "duh, huyu kaisha" ni ya kwake. Hiyo aliituma mwaka mmoja baada ya Kitonga.

Alimwamsha mkewe akamwonyesha. Mke akatazama sekunde chache akamrudishia simu. "Na huyu ana mama yake," alisema, akageukia ukutani.

Wazo la kwanza la baba lilikuwa lile la baba wengi: kumpokonya mtoto simu, kumchapa, kumaliza. Mama alilipinga. Alisema ukimchapa atajifunza kwamba kosa ni kukamatwa, na kesho ataenda kutazamia kwa rafiki yake. Alisema pia jambo ambalo mumewe hakulipenda, kwamba mtoto hakuiweka video ile kwenye mtandao, ameikuta imeletwa na watu wazima.

Walisubiri siku mbili. Jumanne mtoto alipotoka shule, baba alimwita uani, akamwambia aitafute ile video. Mtoto alijua kuna jambo, mikono ikawa inatetemeka kidogo. Ikapatikana. Baba akazima sauti. Bila singeli na bila kile kicheko, sekunde 11 zilionekana ndefu. Unaliona gari linapepesuka, unaziona taa za dharura zimewashwa, unaona kwamba mtu aliyekuwa ndani alikuwa anajaribu kuwaonya wenzake.

"Hapa inaishia," baba akasema. "Inayofuata nitakueleza mimi."

Akamweleza. Alimweleza vumbi, kimya kilichofuata, na harufu ya breki. Alimweleza kuhusu kijana wa Mafinga, jinsi alivyokuwa anapenda kuimba kwaya barabarani na kukosea maneno, na jinsi alivyoulizia viatu vyake. Alimwonyesha kovu akamwambia si la upasuaji. Mama alikuwa mlangoni. Alichokuwa hakutarajia ni kile kilichofuata, maana hata yeye alikuwa amekisikia mara moja tu, hospitalini, mumewe akiwa nusu usingizini.

"Breki za trela nilijua hazishiki," baba alimwambia mwanawe. "Nilijua tangu Makambako. Nikashuka."

Mtoto alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza swali ambalo watu wazima wote waliomtembelea dereva huyu kwa miaka minne hawakuthubutu kuliuliza.

"Kwa hiyo lilikuwa kosa lako, baba?"

"Sehemu kubwa, ndiyo."

Kuna mzazi atakayesoma hapa aseme huo ni mzigo mzito kwa mtoto wa darasa la saba. Huenda. Lakini mtoto huyo alikuwa tayari ameona mamia ya watu wakifa kwenye kioo cha mkononi, na hakuna aliyeuliza kama ni mzigo. Cha mtu mmoja aliyesimuliwa kikamilifu, na baba yake, mchana, uani kwao, angalau ana pa kukiweka. Usiku alilala na taa imewashwa, siku mbili. Siku ya tatu aliizima mwenyewe.

Swali lake la pili lilikuja kesho yake wakati wa chai. "Mama yake yule kaka ameshaiona?"

Hajaiona. Ana simu ya kitochi, na watoto wake waliobaki wamehakikisha hakuna anayemwonyesha. Lakini Mafinga nako kuna vijana wenye simu kubwa, na kila dereva huyu anapompigia, huisikiliza sauti yake kwanza kabla hajasalimia vizuri, kuona kama siku hiyo imefika.

Mtoto akaamua iondolewe. Alibonyeza pale pa kuripoti, akajaza sababu, akawaomba na rafiki zake wawili nao waripoti bila kuwaambia kwa nini. Baada ya siku nne jibu lilikuja, kwa Kiingereza, akamtafsiria mama yake: video haijavunja taratibu. Akamwandikia aliyeiweka, ujumbe mrefu wenye heshima, ameanza na "shikamoo" kwa sababu hakujua umri wake. Ujumbe ulionekana umesomwa. Haukujibiwa. Walioitazama walikuwa wameongezeka tangu Jumapili.

Baba naye alifuta zake. Hakuzifuta zote. Za Msamvu alibakiza, na nyingine mbili za breki ambazo anasema zimewahi kuokoa gari la mwenzake. Ile ya pikipiki alisita nayo siku nzima, kwa sababu kuifuta kwake hakukuitoa kwenye simu za wale aliowatumia. Mwishowe aliandika kwenye kundi la madereva kuwaomba walio nayo waifute. Wawili walijibu kwa dole gumba. Mmoja akauliza ni ipi hiyo, aitume tena aione.

Jumamosi, kabla ya safari nyingine ya Kongo, alimpigia mama wa Mafinga. Hufanya hivyo kila anapokaribia kuondoka, na shule zinapofunguliwa humtumia chochote kwa ajili ya mtoto aliyeachwa na utingo, ambaye sasa yuko darasa la kwanza. Walizungumza ya kawaida. Kisha akamtazama mwanawe, akamnyooshea simu.

Mtoto aliishika kwa mikono miwili. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nani huyo?"

Akajitambulisha. Bibi akamuuliza yuko darasa la ngapi, akamwambia la saba. Akamuuliza kama mtihani anauweza, akasema hisabati kidogo inamsumbua. Bibi akasema kaka yake mkubwa naye hisabati ilimsumbua, akacheka, akaanza kueleza baridi ya huko mwaka huu na mahindi yalivyochelewa kukauka. Mtoto alisikiliza akiitikia "ndiyo, bibi", macho yako kwenye vidole vya miguu yake. Kisha akamrudishia baba simu. Bibi alikuwa bado anaongea.